Nyumba inauzwa Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao: je, kesi ya ufilisi itauzuia mnada?

Ndugu washauri,

Salamu kutoka Fort Worth, Texas. Mimi na mume wangu ni Wakenya, tuna watoto wawili, na nyumba hii tuliinunua mwaka 2019. Mwaka jana mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, aliumia bega akakaa bila kazi miezi saba. Mshahara wangu wa kutunza wagonjwa ndio uliolisha watoto na kulipa umeme. Mkopo wa nyumba ukabaki nyuma. Sasa tunadaiwa miezi sita ya dola 2,050, na ukijumlisha faini na gharama za mawakili wao, deni la nyuma limefika dola 14,400. Tuna pia dola 18,000 za kadi za mikopo. Mume amerudi barabarani mwezi uliopita, na sasa sote wawili tunaleta nyumbani kama dola 6,400 kwa mwezi baada ya makato.

Tuliomba kampuni inayosimamia mkopo ituonee huruma, lakini kila tukituma karatasi tunaambiwa kuna moja imekosekana. Juzi ikaja barua ya rejista kwamba nyumba itauzwa Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao. Zimebaki siku 19.

Kanisani mmoja ameniambia nifungue kesi ya ufilisi asubuhi ileile ya mnada, yataisha. Mwingine ameapa kwamba mtu akijitangaza mufilisi serikali inachukua nyumba, na sisi wenye grini kadi tutanyimwa uraia. Wa tatu anataka tumwandikie hati ya nyumba kwa jina lake, tumpe dola 1,500, naye ataongea na benki.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni mambo ya nyumbani. Tuna ploti Kitengela, labda ya dola 8,000. Niko kwenye chama cha wanawake wanane na zamu yangu ni baada ya miezi mitatu. Namtumia mama dola 300 kila mwezi kwa matibabu ya kisukari. Januari tulimrudishia kaka yangu dola 3,000 alizotukopesha. Haya yote yanawahusu Wamarekani? Kaka anashauri tumhamishie ploti kwanza kabla ya kwenda mahakamani.

Mama wa Wawili

*

Dada yetu,

Mambo mawili kwanza, kwa sababu hayangojei. Msimwandikie mtu yeyote hati ya nyumba, na msihamishe ploti. Anayetaka hati na dola 1,500 hana uwezo wowote juu ya benki ambao ninyi hamna. Ukimpa hati, deni linabaki kwenu na nyumba inakuwa yake, na mnada unaendelea palepale. Habari ya ploti tutairudia, kwa kuwa humo ndimo familia nyingi za kwetu huharibu kesi ambayo ingefaulu.

Sasa jibu la swali lako. Ndiyo, kesi ya ufilisi inauzuia mnada. Saa ile ombi linapogongwa muhuri na karani wa mahakama ya shirikisho ya ufilisi, zuio la papo hapo linaanza kufanya kazi bila hakimu kusikiliza neno lolote. Benki hairuhusiwi kuuza, kupiga simu za kudai wala kukata mshahara. Mnada ukifanyika baada ya hapo, mahakama inaweza kuubatilisha. Lakini zuio linasimamisha tu. Kinachookoa nyumba ni mpango wa malipo unaofuata, na mpango huo unaweza kusimama kwenu kwa sababu moja tu: mume wako amerudi kazini. Kama angekuwa bado nyumbani, tungekushauri vingine kabisa.

Mtasikia watu wakitaja Sura ya 7 na Sura ya 13 za sheria ya ufilisi ya Marekani kama vile ni kitu kimoja. Sura ya 7 hufuta madeni kama ya kadi na humaliza kesi kwa miezi michache, lakini haina njia ya kulipa malimbikizo ya nyumba polepole. Benki huomba ruhusa ya hakimu iendelee na mnada, na mara nyingi huipata, hivyo unachonunua ni miezi miwili mitatu ya kujipanga kuhama. Kwa anayetaka kuiachia nyumba bila kufuatwa na deni litakalobaki baada ya mnada, Sura ya 7 ni njia nzuri. Ninyi mnataka kubaki. Kwa hiyo yenu ni Sura ya 13: mnaendelea na malipo ya kila mwezi kama kawaida, na zile dola 14,400 za nyuma mnazigawanya kwa muda wa miaka mitatu hadi mitano. Benki haiwezi kukataa kwa sababu tu haitaki. Nayo mahakama haiwezi kukupunguzia riba au deni lenyewe la nyumba unayoishi. Sheria imelilinda deni hilo. Anayekuahidi kwamba Sura ya 13 itakushushia mkopo wa nyumba anakudanganya.

Tupige hesabu kabla hujamlipa wakili senti. Malimbikizo 14,400 ukigawanya kwa miezi 60 ni dola 240 kwa mwezi, na kwa kawaida hayaongezewi riba. Malipo ya nyumba ni 2,050. Ada ya wakili wa Sura ya 13 mara nyingi huvuka dola 4,000, lakini sehemu kubwa huingizwa ndani ya mpango. Tuseme 3,600 zinabaki, hizo ni 60 kwa mwezi. Halafu wanaowadai kwa kadi za mikopo. Hao sharti wapate angalau kile ambacho wangepata kama mali yenu isiyolindwa na sheria dhidi ya wadai ingeuzwa, na hapa ndipo ploti ya Kitengela inapoingia pamoja na zile dola 3,000 za kaka. Jumla ni 11,000, sawa na 183 kwa mwezi. Mpaka hapo ni 2,533. Msimamizi wa kesi, anayepokea na kugawa fedha, naye hukata hadi asilimia 10 ya kinachopita mikononi mwake, na katika mahakama nyingi za Texas hata malipo ya nyumba hupitia kwake mtu akiwa na malimbikizo. Ukiweka asilimia 10 kamili, mtalipa kama dola 2,815 kila mwezi. Katika 6,400 zenu zinabaki kama 3,585 za chakula, gari, bima, umeme, watoto na mama. Wakili atazikwaruza namba hizi zishuke kidogo, kwa mfano kwa kutoa gharama za kuuza ploti. Kaeni na mume wako leo usiku muangalie kama kweli mtaishi na hizo 3,585 kwa miaka mitano. Kama hamwezi, ni afadhali kujua sasa kuliko katika mwezi wa nane wa mpango.

Nyumba yenyewe Texas inaichukulia kwa upole mkubwa. Makazi ya familia mjini yanalindwa dhidi ya wadai wa kawaida bila kikomo cha thamani, hadi ekari 10, nanyi mmeishi humo tangu 2019, hivyo kikomo kinachowabana walionunua karibuni hakiwagusi. Serikali haichukui nyumba kwa sababu mtu amefungua kesi. Anayeweza kuichukua ni benki iliyotoa mkopo wa nyumba, nayo ndiyo tunayoizuia.

Ile njia ya kuomba nafuu mliyoianza ilikuwa na kinga yake: ombi lililokamilika likipokelewa zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, msimamizi wa mkopo hawezi kuuza mpaka atoe jibu la ombi hilo. Kwenu zimebaki siku 19 tu. Wanaweza bado kukubali kwa hiari, lakini kinga ya lazima imepita. Angalieni pia tarehe ya posta kwenye barua yenu. Sheria ya Texas inataka barua ya mnada itumwe angalau siku 21 kabla, na kabla yake barua nyingine iliyowapa angalau siku 20 za kulipa. Mkiona upungufu, mwonyesheni wakili, lakini msijenge matumaini yenu yote juu ya kasoro ya tarehe.

Sasa kalenda. Usimsikilize aliyesema asubuhi ya mnada. Minada ya Texas hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na nyumba yako inaweza kuitwa dakika ile saa iliyoandikwa kwenye barua inapofika. Mpango wa Sura ya 13 unaweza kuponya malimbikizo mpaka nyundo ya mnada igonge. Ikishagonga, Texas haikupi muda wa kuikomboa nyumba iliyouzwa kwa ajili ya deni la mkopo wake. Kwa hiyo lengeni ombi liwe mahakamani Alhamisi ya wiki inayotangulia. Ijumaa ni akiba. Jumatatu ni hatari, hasa Septemba, ambapo Jumatatu ya kwanza ni Sikukuu ya Wafanyakazi na dirisha la karani limefungwa. Wakili anaweza kutuma kwa mtandao hata usiku wa sikukuu. Asiye na wakili anayepeleka karatasi kwa mkono atakuta mlango umefungwa.

Wiki hii pigieni mawakili watatu wa ufilisi wa eneo lenu; wengi huonana na mtu mara ya kwanza bila malipo. Muulizeni kila mmoja: ada ya mwanzo ni kiasi gani, nani hasa atakayesimama nasi mahakamani, na umepeleka mipango mingapi ya Sura ya 13 hadi ikathibitishwa? Anayekwepa swali la tatu, mwacheni.

Kabla ya kufungua kesi, kila mmoja wenu lazima awe amepata ushauri wa mikopo kutoka kwa shirika lililoidhinishwa na Idara ya Sheria ya Marekani, ndani ya siku 180 zilizopita. Hufanywa kwa simu au mtandao, huchukua saa moja hivi, na mwenye kipato cha chini anaweza kuomba asilipe. Cheti cha mume hakikufunikii wewe. Watu wengi wamepoteza kesi kwa cheti hiki kimoja: walifungua asubuhi ya mnada, wakadhani watakifanya kesho, kesi ikafutwa. Kifanyeni wiki hii, mkihifadhi mahali ambapo simu ikipotea hakipotei nayo.

Ada ya mahakama kwa Sura ya 13 ni dola 313, na mke na mume wakifungua pamoja hulipa mara moja tu. Inaweza kugawanywa kwa awamu. Kama muda utawabana, wakili anaweza kupeleka ombi la mifupa: fomu ya ombi, orodha ya wadai wote na anwani zao, tamko la namba za hifadhi ya jamii, vyeti vya ushauri, na ada. Karatasi zilizobaki pamoja na mpango wenyewe hupelekwa ndani ya siku 14. Usimsahau mdai hata mmoja kwenye orodha hiyo, hata hospitali unayodaiwa dola 90.

Anzeni kukusanya leo: hati za mshahara za miezi sita iliyopita za wote wawili, marejesho ya kodi ya miaka minne, taarifa za benki, barua zote za mkopo, na bima ya nyumba. Mwaka ambao hamkuwasilisha kodi utawaangusha. Msimamizi wa kesi hataruhusu mpango uendelee hadi uwasilishwe. Madereva wa lori wanaolipwa kama wakandarasi wanajikwaa hapa mara kwa mara.

Turudi Kitengela. Fomu zinauliza mali yote mliyo nayo mahali popote duniani, nanyi mnaapa kwamba majibu ni kweli. Ploti inaandikwa, hata kama hati bado iko kwa kampuni ya kuuza viwanja au ina jina la mmoja wenu. Akaunti ya benki ya Kenya na salio la M-Pesa yanaandikwa. Chama kinaandikwa: ulichokwisha kuchanga na zamu unayoingojea. Kuna swali kuhusu zawadi za zaidi ya dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka miwili, na dola 300 za mama kila mwezi zimeshapita kiwango hicho mbali sana. Kuna swali kuhusu malipo kwa ndugu ndani ya mwaka mmoja, na hizo ni dola 3,000 za kaka. Na kuna swali kuhusu mali yoyote iliyohamishwa ndani ya miaka miwili. Mkimhamishia kaka ploti leo, mtalazimika kuiandika hapo hapo, au kusema uongo chini ya kiapo. Uhamisho huo unaweza kubatilishwa, na uongo huo ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000.

Hapo ndipo ilipo hofu ya kweli ya uraia. Kufungua kesi ya ufilisi ni haki ya kiraia. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, na ufilisi peke yake haumnyimi mtu uraia. Hukumu ya kudanganya mahakama ya shirikisho ndiyo inayoweza kuharibu faili la uhamiaji. Ploti iliyotajwa inakugharimu dola mia na kitu kwa mwezi. Ploti iliyofichwa inaweza kukugharimu kila kitu mlichokijia huku.

Kuhusu mama, usikate tamaa. Sheria inakubali gharama za lazima za kumtunza mzazi mzee au mgonjwa asiyeweza kujilipia, lakini msimamizi ataomba uthibitisho. Tafuta risiti za kutuma fedha za miezi 12, barua ya kliniki yenye jina lake na ugonjwa, na risiti za dawa. Ukituma kupitia shangazi au jirani kwa sababu mama hana simu nzuri, anza sasa kutuma kwa jina la mama mwenyewe. Fungu la kumi nalo linaruhusiwa hadi asilimia 15 ya mapato ghafi, kama ni jambo mnalolifanya kweli na kanisa linaweza kutoa taarifa. Kwa chama, usiache ghafla na usichukue zamu mapema; mwambie wakili tarehe na kiasi. Na kaka asilipwe chochote zaidi kwa sasa. Naye ni mdai, anaandikwa kwenye orodha kama wengine ikiwa bado anawadai. Itauma kumwambia, lakini mwambie kabla barua ya mahakama haijamfikia.

Baada ya kufungua, hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Malipo ya kwanza kwa msimamizi yanatakiwa ndani ya siku 30 tangu siku ya kufungua, hata kama hakimu hajathibitisha mpango. Watu hungoja barua ya kuwaambia waanze. Barua haiji, kesi inafutwa. Ombeni malipo yakatwe moja kwa moja kwenye mshahara wako, kwa kuwa wako ni wa uhakika kuliko wa barabarani. Kati ya siku 21 na 50 mtakuwa na mkutano na msimamizi, siku hizi kwa video. Muwe na kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa namba ya hifadhi ya jamii. Bila hivyo unaahirishwa. Kama mume wako anajieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili, mwambieni wakili mapema, mkalimani hutolewa bure. Ndani ya siku 70 tangu kufungua kesi benki italeta dai lake lenye mchanganuo wa malimbikizo. Usome mstari kwa mstari na wakili. Faini zilizohesabiwa mara mbili na ada za ukaguzi zisizoelezeka huonekana humo, na zinaweza kupingwa.

Bega la mume likirudi kuuma na kazi ikasimama, mpigie wakili wiki hiyohiyo. Mpango unaweza kurekebishwa kabla ya kufutwa. Baada ya kufutwa mambo ni magumu mno. Kesi ikifutwa nanyi mkafungua nyingine ndani ya mwaka, zuio linadumu siku 30 tu mpaka hakimu aliongeze. Mbili zikifutwa ndani ya mwaka, ya tatu haileti zuio lolote. Na benki ikithibitisha kwamba mnafungua kesi moja baada ya nyingine kwa kuizungusha, mke leo na mume kesho, hakimu anaweza kutoa amri inayoifuata nyumba yenyewe kwa miaka miwili, afungue nani afungue. Ndiyo sababu tunasisitiza hesabu ya 2,815 mwanzoni. Zuio mnalo moja zuri. Msilitumie kabla hamjajua kwamba mtalilisha.

Mkishapata namba ya kesi, msidhani benki imejua. Taarifa ya mahakama husafiri kwa posta na inaweza kufika baada ya Jumanne. Siku hiyohiyo wakili atume namba ya kesi kwa kampuni inayosimamia mkopo na kwa ofisi ya mawakili iliyoandikwa chini ya barua ya mnada, kwa barua pepe na faksi, na aombe jibu la maandishi kwamba mnada umeondolewa. Jumatatu mchana wapigie mwenyewe, useme namba ya kesi na anwani ya nyumba, uandike jina la aliyepokea na saa. Jumanne mmoja wenu awe mahali pa mnada palipotajwa kwenye barua robo saa kabla, na nakala tatu za ombi lenye muhuri. Anwani yenu ikiitwa, mpe muuzaji nakala moja mkononi mwake mbele ya watu, na umpigie wakili ukiwa bado umesimama hapo.